Solo ya Wimbo wa Tatu

11 Januari

Mpwa wangu Nyuzi,

Pokea salamu zangu na za mkazamjomba wako. Anauliza kama unakula, maana nilifanya kosa la kumwambia kuwa nimekuona umekonda. Sisi hatujambo. Karakana ina makochi saba yanayosubiri kuvalishwa, na wenyewe wote wanadai yao ni ya haraka.

Najua ungependa nipige simu. Sikio la kulia liliondoka na spika za ujanani, na hili la kushoto linasikia simu kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. Barua naisoma mara tatu na hainikatizi.

Asante kwa zile siku tano za Desemba studioni kwenu. Sisi wazee wanne wa bendi ya Kokoto hatujawahi kurekodi mahali pasafi namna ile. Nyundo bado anasimulia kile kiti cha kupigia drami kinachopanda na kushuka. Kiongozi naye anasema umekuwa mkali kwenye mitambo: unamkatisha mwimbaji mwenye umri wa baba yako, unamwambia arudie, na anarudia. Mimi nilijifanya naangalia dirishani, lakini moyoni nilikuwa nimevimba kwa raha. Huyo ndiye mtoto aliyekuwa ananing'olea nyuzi za gitaa akiwa na miaka tisa.

Miaka kumi na minne hatukutoa albamu. Watu wanadhani tumekufa. Juzi mteja mmoja aliniuliza kama nina undugu na yule mpiga gitaa wa zamani, nikamwambia ndiyo, tunafanana kidogo.

Sasa nikuulize jambo. Solo ya wimbo wa tatu, pale gitaa langu linapobaki mbele peke yake, niliirudia mara kumi na tisa. Nilihesabu. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vinanifia ganzi. Wiki iliyopita nilikuwa nashona kochi, sindano ikanichoma kidole kidogo, nikaiona damu kwenye kitambaa cheupe cha mteja. Maumivu sikuyasikia kabisa. Mkazamjomba wako amenichukulia siku ya kumwona daktari, mwezi wa tatu, na mimi nimekubali ili nipate amani ya nyumba.

Wewe ndiye uliyenisikiliza kwa yale madude ya masikioni. Niambie bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: gitaa langu liko sawa? Kama haliko sawa nitakwenda hospitali kesho, sitangoja mwezi wa tatu.

Mjomba wako


27 Januari
(Haikutumwa)

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima.

Umeniuliza swali moja tu na nimekaa nalo siku kumi. Gitaa lako halikuwa sawa. Siku ya mwisho, mlipokuwa mnapakia vyombo kwenye gari, Kiongozi alirudi ndani akafunga mlango. Akaniambia, "Mkono wa mjomba wako umechoka. Nimemjua tangu hatujaota ndevu, siwezi kumwambia. Wewe unapiga kama yeye. Zipige tena solo zote, tuweke zako, naye asijue." Nikamwambia siwezi kufanya hivyo. Akasema, "Basi albamu haitoki, na hilo ndilo litakalomuua."

Jumatatu iliyofuata nilichukua gitaa linalofanana na lako, nikafungua zile rekodi zako kumi na tisa, nikasikiliza ulichokuwa unatafuta. Halafu nikakipiga. Nyimbo nane, solo zote. Nilimaliza kabla ya saa saba mchana, nikaenda kula.

Ningeweza kusema nililazimishwa. Lakini kwenye wimbo wa tatu, pale katikati, niliongeza kipande kidogo ambacho hukukipiga hata mara moja. Kilikuja chenyewe. Nilirudia kukisikiliza, mjomba, na nilicheka peke yangu kwa furaha. Nilikuwa nimekaa juu ya kaburi la mkono wako nikicheka.

Nenda hospitali kesho.

Mpwa wako


2 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mkazamjomba ni wazima, na makochi yamepungua. Mwambie nakula, na kwamba wewe ndiye uliyekonda, ila miwani yako ni ya zamani.

Samahani kwa kuchelewa kujibu, kazi zimeingiliana. Albamu yenu imekamilika. Kiongozi amechagua iitwe *Viatu Vile Vile*, na jalada lina picha ya jozi zenu nne za viatu mlangoni pa studio. Vyako ndivyo vyenye kamba za rangi mbili.

Kuhusu gitaa usiwe na wasiwasi. Solo zimekaa vizuri. Utasikia mwenyewe.

Hata hivyo nenda kwa daktari, mkono ni mkono.

Sisi Waya Uchi nasi tumemaliza albamu yetu ya kwanza. Inaitwa *Dari Linavuja*. Mpiga besi wetu anasema hata mama yake hataielewa, lakini anaisikiliza kila siku.

Mpwa wako,
Nyuzi


20 Machi

Mpwa wangu,

Hujambo? Nyumba hii leo haina mgonjwa hata mmoja, na nitakueleza kwa nini.

Albamu ilifika Jumanne. Sikuifungua. Niliiweka juu ya mashine ya kushonea, nikaendelea na kazi hadi alasiri, kama mtu aliyeletewa matokeo ya mtihani. Kisha nikafunga karakana, nikamwita mkazamjomba wako, tukakaa kwenye kochi la mteja ambalo lilikuwa bado halina miguu.

Wimbo wa kwanza nilisema, sawa. Wa pili nikasema, ahaa. Wa tatu ulipofika kwenye solo, mkazamjomba wako alinishika goti. Nyuzi, pale katikati kuna mahali sikumbuki kupiga vile. Nauona mkono wangu pale, naujua kama sahihi yangu, lakini sikumbuki. Nimeelewa sasa kwamba mtu akiacha kufikiri, vidole vinajua njia. Mara kumi na nane nilikuwa nafikiri, ya kumi na tisa nikaacha. Na wewe ukaikamata. Mungu akubariki kwa masikio hayo.

Nilikuwa nimeanza kuogopa. Sikukuambia yote Januari. Nilikuwa nimeanza kujiambia kwamba nitaliuza gitaa ili nisilione ukutani. Sasa nimelitia nyuzi mpya.

Siku ya daktari ilikuwa Alhamisi. Sikwenda. Mkono unaopiga namna ile hauna ugonjwa, una uvivu. Dawa yake ni mazoezi. Mkazamjomba wako alinuna, nikamwekea wimbo wa tatu tena, akanuna huku anatikisa kichwa.

Tuna uzinduzi tarehe kumi na nne Juni, alasiri, kwenye uwanja wa chuo. Uje ukae mbele.

Mjomba wako, kijana tena


9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mlivyoisikiliza pamoja. Mpe mkazamjomba salamu zangu.

Mjomba, nakuomba uende hospitali. Albamu haipimi mkono. Mtu anaweza kupiga vizuri Desemba na kuumwa Machi. Na kumbuka kwamba sindano ilikuchoma usisikie, hilo si jambo la uvivu. Nenda kwa ajili yangu kama hutaki kwenda kwa ajili yako. Naweza kuja nikupeleke mwenyewe, niambie siku tu.

Albamu yetu imetoka Ijumaa. Tulipiga ukumbini mbele ya watu sitini, kumi na wawili wakiwa ndugu wa mpiga drami. Nimekutumia moja. Usiiweke baada ya yenu, itaonekana mbaya.

Nakuomba tena. Daktari.

Nyuzi


1 Mei

Mpwa wangu,

Salamu. Natumaini hujambo na kwamba hujaninunia kwa yaliyotokea redioni. Kama umeninunia nina maelezo.

Yule mtangazaji wa kipindi cha albamu mpya, kile cha Jumamosi mchana, aliziweka albamu zetu mbili pamoja. Wakongwe na wachanga, ndivyo alivyosema. Alizisifu zote. Akasema Waya Uchi wana nyimbo nzuri na hasira nzuri, ila mpiga gitaa wao ameiba mkono wa mkongwe wa Kokoto. Akapiga kipande cha wimbo wenu wa mwisho, halafu akapiga solo yetu ya wimbo wa tatu, pale katikati. Akasema, "Sikilizeni. Huyu binti amechukua kila kitu ila umri."

Kisha akanipigia simu hewani. Mkazamjomba wako alinishikia simu sikioni na kunirudishia maswali kwa sauti, nchi nzima ikisikia. Mtangazaji akauliza, "Mzee, unaibiwa na wewe umenyamaza?" Nikamjibu kwamba ni mpwa wangu, nilimfundisha mimi. Ningeishia hapo. Lakini sifa zilikuwa zimenipanda kichwani, nikaongeza, "Ana vidole vyangu. Vyake bado hajavipata."

Nilipokata simu mkazamjomba wako aliniambia, "Hilo ungemwambia mtoto jikoni, si redioni." Kweli. Nisamehe kwa mahali niliposemea. Lakini neno lenyewe silirudishi, Nyuzi. Nimeisikiliza *Dari Linavuja* mara nne. Kila solo inapoanza najisikia mimi. Kile kipande cha wimbo wa tatu umekiweka mara mbili, kwa kugeuza kidogo tu. Usiogope kupoteza njia. Mimi sikuwa na mjomba wa kuiga, ndiyo maana nilipata changu.

Kuhusu daktari, nimekusikia. Baada ya uzinduzi. Sasa hivi nafanya mazoezi saa nne kwa siku, mbili kabla ya kufungua karakana na mbili baada ya chakula cha mchana. Ule wimbo wa tatu bado unanikwepa. Nausikiliza, naujaribu, vidole vinateleza. Wiki jana kikombe kilinitoka mkononi, na jana nilishindwa kushika msumari. Ni uchovu wa mazoezi. Nilipata mara moja, nitapata tena. Nikishindwa naongeza nusu saa.

Mjomba wako


8 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Leo siulizi habari.

Acha mazoezi. Soma barua hii mpaka mwisho, halafu acha mazoezi hata kama utakuwa umenichukia.

Solo kwenye *Viatu Vile Vile* si zako. Zote nane nilizipiga mimi, Jumatatu baada ya nyinyi kuondoka. Hukumbuki kupiga kile kipande cha katikati kwa sababu hukukipiga. Mtangazaji alisikia vizuri: ni mkono mmoja kwenye albamu mbili. Ni wangu.

Ndani ya bahasha hii nimetia barua niliyokuandikia Januari nikashindwa kuituma. Ndani yake utaona nani aliomba na nani alikubali. Usimwekee Kiongozi lawama zote. Yeye aliomba mara moja. Mimi uliniuliza kwa maandishi, ukaniambia kabisa kwamba ukweli wangu ndio utakaokupeleka hospitali, na nikakujibu "utasikia mwenyewe."

Nilijiambia nakulinda. Nilijiambia hivyo kila siku hadi nilipofika kwenye saa nne za mazoezi. Unaumiza mkono mgonjwa kwa kuufukuzia mkono wangu. Nilisoma barua yako nikiwa kazini, nikatoka nikakaa kwenye ngazi, na mtu aliyekuwa anasubiri kurekodi akaniuliza kama nimefiwa.

Sikuumia kwa maneno ya redioni. Nilistahili mabaya zaidi.

Nenda hospitali. Sikuombi kitu kingine.

Mpwa wako


30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wiki tatu zimepita na sijapata jibu, wala sidai.

Nilimpigia mkazamjomba. Aliniambia barua ilifika. Ulisoma umesimama, ukaikunja, ukaenda kung'oa kitambaa cha kochi ulilokuwa umeshalimaliza. Tangu siku hiyo hujaligusa gitaa. Nilimuuliza kama umekwenda kwa daktari, akasema, "Hajaongea na mimi, ataongea na daktari?" Kisha akasema nisipige tena kwa sasa. Alisema kwa upole. Ningependa angenitukana.

Uzinduzi ni wiki mbili zijazo. Mwambie Kiongozi auahirishe. Kama ni kwa ajili ya jina la bendi, aseme mimi niliharibu mitambo, aseme lolote.

Mpwa wako


26 Juni

Nyuzi,

Tupo salama. Mkazamjomba wako anakusalimu. Mimi naandika.

Uzinduzi ulifanyika. Kiongozi alikuja hapa mara tatu kuniomba radhi, mara ya tatu alilia, na kumwona mwanamume yule analia ni sawa na kuona kabati linalia, hujui ushike wapi. Nilimwambia nitapanda jukwaani.

Watu walikuwa wengi. Nyimbo mbili za kwanza nilipiga kodi tu, zile noti za pamoja za kumsindikiza mwimbaji, sikuvutia macho. Ulipoanza wa tatu watu walishangilia kabla Kiongozi hajafungua mdomo. Walikuja kwa ajili ya ile solo. Ilipokaribia, nilimwonyesha Nyundo ishara asimamishe. Nikaenda kwenye maikrofoni. Nikasema, "Solo mnayoisubiri sikuipiga mimi. Aliipiga mpwa wangu. Mimi ilinishinda." Wakacheka, wakidhani ni utani wa jukwaani. Nikarudia. Nikainua mkono wa kushoto wakauona, hivi vidole viwili vimejikunja kama vya kuku. Mtu mmoja nyuma akapiga makofi, kisha wengine. Sikuyataka makofi yao lakini niliyapokea, ningefanya nini. Tukamaliza wimbo bila solo. Pale katikati palikuwa na drami na besi peke yake, na watu wakapajaza wenyewe kwa midomo, lalalaa, noti kwa noti. Noti zako.

Jumatatu nilikwenda hospitali. Daktari ni binti mdogo, rika lako. Aligongagonga kiwiko changu akasema mshipa wa fahamu unaopita pale umebanwa, umebanwa muda mrefu, kwa kuegemea kiwiko mezani na kwa kukunja mkono saa nyingi. Atanipasua Agosti. Nikamuuliza vidole vitarudi? Akaniuliza vilianza lini. Nikasema mwaka jana mwishoni. Akaandika, hakuinua kichwa, akasema, "Ungekuja Januari, mzee, ningekuahidi."

Sasa nisikilize. Solo nimekusamehe. Niliposoma barua ile ya Januari, pale ulipocheka peke yako, nilikuelewa, maana nami nimewahi kucheka hivyo. Kiburi changu cha kutokwenda kwa daktari ni changu, sikubebeshi. Lakini nilikuuliza, Nyuzi. Katika watu wote niliokuwa nao nilikuuliza wewe, kwa sababu wewe ndiye niliyemfundisha kusikiliza. Ungesema ukweli ningenuna siku tatu, labda nne, halafu ningevaa viatu nikaenda. Umenichukulia miezi minne. Hiyo bado sijui niifanye nini.

Usije kwanza. Nitakapotaka uje nitasema.

Mjomba wako


15 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini siku za kusubiri hazina maumivu. Mwambie mkazamjomba nashukuru kwa salamu.

Nimepokea barua yako. Sina la kubisha. Nimeisoma kama unavyosoma wewe, mara tatu, na kila mara nafika kwenye "nilikuuliza" nakwama hapo. Sitakuja mpaka useme.

Nakuandikia jambo moja ili usilisikie kwa watu ukadhani nakulaumu. Sipo tena studio. Habari za uzinduzi zilifika hadi kwa bosi, na wateja wawili wakampigia kuuliza kama nao wamepigiwa gitaa bila kujua. Aliniita ofisini. Alikuwa na haki. Mtu akija kurekodi anakuachia sauti yake kama anavyomwachia kinyozi shingo yake. Nilimkabidhi funguo, nikachukua kikombe changu na ile picha yetu ya Desemba.

Mchana nauza rangi za nyumba kwenye duka moja kubwa. Nimeshajua aina kumi na moja za nyeupe. Jioni tunafanya mazoezi na Waya Uchi. Wenzangu hawakunifukuza, ingawa mpiga besi hakuongea nami wiki nzima, akaishia kusema, "Angekuwa mjomba wangu ningekupiga ngumi." Yule mtangazaji alisahihisha maneno yake hewani, akasema mkono ule kumbe ni wangu. Mteja alikuwa anasikiliza dukani. Niliomba tuzime.

Ulichosema jukwaani kilikuwa kweli, na kweli haikunifukuza kazi. Nilijifukuza ile Jumatatu.

Nakuombea upasuaji mwema.

Mpwa wako


3 Septemba

Mpwa wangu,

Hujambo, na duka la rangi halijambo? Mkazamjomba wako anakusalimu sana, na anasema aina kumi na moja za nyeupe ni nyingi mno, mbili zinatosha.

Nimeichelewesha barua hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni bandeji. Naandika kwa mkono wa kulia, lakini karatasi hutaka mkono wa kushoto wa kuishikilia, na hilo hulijui mpaka ukose. Ya pili ni kazi yako. Nilisimama mbele ya watu nikatua mzigo wangu, na sikutazama nimeutua juu ya mguu wa nani. Ungekuwa mbele yangu ningekuomba radhi kwa mdomo. Nakuomba kwa kalamu. Nilimwandikia bosi wako, nikamweleza kwamba uliombwa na mwenye bendi. Alijibu kwa adabu kwamba anaelewa, na kwamba nafasi imeshapata mtu.

Upasuaji ulikwenda salama. Kidole cha pete kinarudi polepole, naweza kukikunja na kukinyoosha. Kidogo kinasikia baridi na moto, lakini amri hakisikii. Daktari anasema tungoje mwaka, na anavyosema "tungoje" najua anamaanisha nizoee. Kochi naweza kushona. Kodi tatu au nne naweza kupiga. Solo hapana.

Bendi ina maonyesho matatu Novemba, yote ya mchana. Kiongozi alitaka kukupigia simu. Nilimwambia asithubutu tena kumwomba mtu wa kwetu kitu nyuma ya mlango, nitakuomba mwenyewe mbele ya kila mtu. Ndiyo hii. Njoo upige solo na Kokoto. Mimi nitasimama pembeni yako nipige kodi zangu nne. Jina lako litatajwa, na kwenye chapa mpya ya albamu limeshaandikwa.

Usidhani yamekwisha. Sitakudanganya, tumechoka na hayo. Asubuhi nyingine naamka nimekusamehe yote, nakunywa chai nimekusamehe, halafu nafika kwenye vifungo vya shati. Kifungo kimoja kinanichukua muda wa wimbo mzima. Mkazamjomba wako akinyoosha mkono kunisaidia namkatalia. Nikifika cha tatu huwa nina hasira upya, hasira na wewe, kama vile barua imefika leo. Hivyo ndivyo ilivyo. Sijui itakwisha lini. Ukija, utakuja kwenye nyumba yenye hilo.

Lakini njoo. Usije na maneno ya kuomba msamaha, umeomba ya kutosha. Njoo na gitaa.

Mjomba wako


12 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo yake mkazamjomba.

Nimeomba ruhusa dukani. Nitafika Ijumaa ya tarehe ishirini na sita, mchana. Msinipokee, njia naijua. Nitakaa siku kumi, tufanye mazoezi karakanani, na kama Kiongozi anataka niendelee baada ya maonyesho ya Novemba, atauliza ukiwepo.

Kuhusu nyumba yenye hilo, nimeelewa. Sitakaa nje nikingoja liishe.

Jumamosi asubuhi usimwite mkazamjomba, na usijifungie chumbani. Ukifika kwenye vifungo niite mimi. Nitakufungia. Na ukifika cha tatu, hasira ikipanda, niambie pale pale, nikiwa nimekishika.

Mpwa wako